Barua za vita za mjomba kwa bibi: jinsi ya kuzisoma, kuzitunza na kuzichapa bila kuziharibu

Nyumba nyingi za huku kwetu Kilimanjaro zina lile sanduku la bati chini ya kitanda cha bibi, ndani kuna cheti cha ubatizo, risiti za kahawa za miaka hiyo, picha mbili tatu zilizogandana, na kama kijana wa nyumba hiyo alikuwa jeshini mwaka 1978 basi kuna na bahasha zimefungwa kwa uzi. Za kwetu zilikuwa 17. Aliziandika mjomba wangu, kaka yake mama, wakati wa Vita vya Kagera, yaani ile ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, akiwa luteni usu katoka chuo cha maafisa wa jeshi Monduli hata mwaka haujaisha, anamwandikia mama yake, yaani bibi yangu, hapa Kilema. Mjomba alirudi salama, akaoa, akafa kwa maradhi mwaka 2004 na vita ile hakuisimulia kwa watoto hata siku moja. Bibi yupo.

Nimezipitia zote kwa karibu miezi minne, wikiendi kwa wikiendi, kuna vitu niliviharibu ambavyo havirudi, ndo maana naandika hapa, mwenzangu mwenye sanduku kama hilo aanze vizuri kuliko mimi.

Jambo la kwanza kabisa, usizitoe nyumbani. Najua unataka kuzipeleka mjini zikapigwe fotokopi haraka, usifanye hivyo. Mimi nilichukua barua mbili nikapanda nazo daladala hadi Moshi mjini, nikaingia stesheneri moja, kijana pale akaniambia karatasi imechoka hii mzee wangu ngoja nikulaminishie itadumu milele, na mimi nikakubali kwa sababu vyeti vyetu vyote si tunalaminisha? Ile mashine inatumia moto na gundi, ikishashika imeshika, huwezi kuitoa tena bila kuitoa na karatasi yenyewe, na wino wa barua moja ulisambaa pale pale nikiangalia. Hizo mbili ndo zimeshakuwa plastiki. Kwa hiyo kulaminisha hapana, selotepu hapana (baada ya miaka inageuka kahawia na kuacha doa lisilotoka), gundi hapana, na ile ya kunyoosha mikunjo kwa pasi hapana kabisa.

Unachohitaji ni kidogo tu. Meza iliyofutwa ikakauka, mikono iliyonawa ikakauka vizuri na isiwe na mafuta ya kujipaka, glovu si lazima maana zinakufanya usihisi karatasi vizuri na utaichana. Brashi laini mpya ya rangi kwa ajili ya vumbi na masizi, ufagie kutoka katikati kwenda pembeni taratibu. Barua zilizokaa kwenye nyumba ya kupikia kuni zinakuwa na masizi, ukizifuta kwa kitambaa kibichi umepaka lami, brashi kavu tu. Ukikuta klipu au pini za stepla zenye kutu zitoe polepole, usivute, fungua miguu ya pini kwanza kwa ncha ya kisu butu. Barua iliyokunjwa miaka 45 na ushee haifunguki kwa nguvu, fungua mkunjo mmoja, iache, rudi kesho. Kisha iweke katikati ya karatasi nyeupe mbili safi na juu yake vitabu vizito, siku tatu nne itanyooka yenyewe.

Na kabla ya hayo yote, angalia zimekaaje. Bibi alizifunga kwa uzi wa katani zikiwa na mpangilio, mimi nikafungua uzi kwa papara nikazimwaga mezani. Kumbe mpangilio ule ulikuwa wa siku alizozipokea! Bibi aliponiona akanyamaza kwanza, halafu akasema, mjukuu wangu mi nilikuwa nazijua gizani. Wewe piga picha sanduku lilivyo kabla hujagusa kitu, piga bunda lilivyo, halafu unapofungua andika namba kwa penseli, kwa mkono mwepesi, kona ya nyuma ya kila karatasi na bahasha yake namba hiyo hiyo. Penseli, siyo peni. Bahasha usiitupe na stempu usiikate hata kama kuna mtu anazikusanya, ule mhuri wa posta mara nyingine ndo tarehe pekee utakayoipata.

Picha za simu zinatosha kabisa kama huna skana. Kaa karibu na dirisha asubuhi, bila fleshi, simu iwe sambamba na karatasi, piga mbele na nyuma hata kama nyuma hakuna kitu, piga na bahasha. Palipofifia weka tochi pembeni chini kabisa, mwanga ulale juu ya karatasi, mikwaruzo ya peni itatoa kivuli na utasoma hata pale wino ulipokwisha, niliipata sentensi nzima namna hiyo. Ukipata skana, weka dpi (kipimo cha ukali wa picha) 600, au 300 kama nafasi ni ndogo. Jina la faili anza na mwaka, mwezi, siku, halafu namba, mfano 1979-03-13-namba09, zitajipanga zenyewe. Ukizituma WhatsApp tuma kama dokumenti maana ukituma kama picha zinabanwa na maandishi madogo yanapotea. Weka kwenye sehemu tatu, simu yako, fleshi ya USB ya ndugu mwingine anayeishi mji mwingine, na kwenye intaneti.

Sasa tarehe. Hapa ndo kazi ilipo na hapa ndo patamu. Mjomba kati ya barua 17 aliweka tarehe kwenye 9 tu, na mahali hakuandika hata mara moja, anaandika "huku kazini" basi. Nilichofanya nilichukua kipande cha boksi nikaandika siku za vita nikabandika ukutani. Majeshi ya Amin yanaingia Kagera mwisho wa Oktoba 1978. Mwalimu anatangaza vita 2 Novemba, ile ya uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Siku hizo hizo daraja la Kyaka linalipuliwa. Januari 1979 jeshi letu linaingia Mutukula. 24 Februari Masaka. 10 na 11 Machi mapigano ya Lukaya, kwenye ile barabara inayokatiza kinamasi ambako Walibya walikuja kumsaidia Amin. 7 Aprili Entebbe. 11 Aprili Kampala. Mwanzoni mwa Juni wamefika mpaka wa Sudan. Na ujue kuna askari wetu walibaki Uganda hadi 1981, kwa hiyo ukikuta barua ya Desemba 1979 usidhani kakosea mwaka.

Halafu pembeni ya hiyo nikabandika kalenda ya kanisa, na hii ndo ilinisaidia kuliko yote maana kijana wa Kilema akiwa mbali na mama yake anahesabu siku kwa kanisa. Kuna barua haina tarehe anasema jana ilikuwa Jumatano ya Majivu na hawakumpata padri. Pasaka ya 1979 ilikuwa 15 Aprili, ukirudi nyuma Jumatano ya Majivu ni 28 Februari, basi barua ni ya Alhamisi 1 Machi, siku tano tu baada ya Masaka kuchukuliwa. Nilipolipata hilo nilisimama nikaenda kumwambia bibi jikoni. Nyingine anamuuliza mama yake kama ameshapanda mahindi shamba la tambarare, hiyo ni Machi, mvua za masika. Nyingine anauliza kahawa ya mwisho imetoka kilo ngapi na kama mtoto fulani amesaidia kuchuma, hiyo ni Novemba au Desemba. Kalenda ya shamba haidanganyi, na mama na mwana wote walikuwa wanaijua kwa hiyo hawakuhitaji kuandikiana tarehe.

Kuna na moja nzuri sana. Anasema, nimepata yako, unaniambia mjini Moshi wamejaa wageni na magari ya serikali, usiogope mama hao ni wenzetu. Nikahangaika nayo wiki nzima mpaka nikakumbuka mkutano wa Waganda waliokuwa uhamishoni ulifanyikia hapa hapa Moshi, 24 hadi 26 Machi 1979, ndo uliozaa UNLF, ule muungano wa Waganda wa kumwondoa Amin, chini ya Yusuf Lule. Kwa hiyo bibi alishuka mjini siku hizo, akawaona, akamwandikia mwanae, na mwanae akajibu Aprili. Yaani vita ilikuwa imepita mlangoni kwa bibi pia, na mwana ndo anamtuliza mama akiwa yeye ndiye aliyeko kwenye mizinga.

Onyo moja kwenye tarehe, usimpeleke mtu mahali ambapo barua haijampeleka. Mimi nina barua ya 13 Machi, siku mbili baada ya Lukaya, na mkono ulikuwa unaniwasha kuandika kwamba mjomba alikuwa Lukaya. Barua haisemi. Brigedi zilikuwa kadhaa na njia hazikuwa moja, wengine walielekea Mbarara. Nimeandika "barua ya siku mbili baada ya Lukaya" nikaishia hapo, na wewe fanya hivyo hivyo, siku akitokea aliyekuwa naye au karatasi ya jeshi ikapatikana utaongeza.

Kuchapa. Chapa kama ilivyo. Kama kaandika "nimefulahi" acha nimefulahi, kama kachanganya Kichagga acha Kichagga, usimrekebishe. Mjomba alikuwa msomi kapita hadi kidato cha sita lakini anapomaliza barua anaandika "aika mae", asante mama, kila barua, na kuna binamu yangu alitaka tuyatoe maneno hayo ili watoto wa Dar waelewe. Hapana, watoto wa Dar watauliza na ndo vizuri waulize. Neno lisilosomeka weka mabano ya mraba na alama ya kuuliza, usibuni. Akifuta neno andika kwamba kafuta, na kama linasomeka chini ya mkwaruzo liandike pia maana mtu anayemwandikia mama yake akafuta kitu, kile alichokifuta kina uzito. Mahali pamoja mjomba aliandika "tulikuwa sita sasa tu" akakata mstari mzima, akaanza upya kwa kuuliza habari za ng'ombe.

Hapo sasa tunaingia kwenye kuzisoma. Barua za enzi zile zina mlango wake, wote tulifundishwa shuleni. Shikamoo mama, natumaini hujambo, ukitaka kujua hali yangu mimi ni mzima wa afya njema, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Vijana wanaporuka sehemu hii wanasema ni maneno ya kawaida tu. Usiruke. Ziweke barua zote pamoja usome salamu peke yake, moja baada ya nyingine, utaona siku ambayo salamu imekuwa fupi. Za mjomba za Novemba na Desemba salamu ni nusu ukurasa, anataja majirani wote hadi mzee wa mfongo, ule mfereji wetu wa maji. Ya 13 Machi salamu ni mstari mmoja, mwandiko umeinama kulia, karatasi ni ya kauntabuku imechanwa vibaya. Mwandiko wenyewe ni habari, uandike kwenye maelezo yako, peni gani, karatasi gani, ameandika akiwa amekaa au karatasi iko gotini, utaona kwa matundu ya peni ilipotoboa.

Na vita yenyewe hautaikuta sana. Utaikuta ndama. Usiuze yule ndama, mlipie mdogo wangu ada, zamu yetu ya maji ya mfongo ni lini, paa la jiko umeziba, sabuni na sukari mnapata (maana mpaka wa Kenya ulishafungwa tangu 1977 na maduka yalikuwa matupu). Mtu akizisoma haraka atasema kijana huyu hakuona chochote. Ukizisoma kama mama alivyozisoma utaona kila akikaribia kusema kitu anakimbilia nyumbani.

Barua ile ya 13 Machi, mama yangu alikuwa na miaka 11, yeye ndo alikuwa msomaji wa barua wa nyumba ingawa bibi alishasoma kisomo cha watu wazima, bibi alipenda kusikiliza. Mama akasoma kwa sauti pale nje kwamba usiku wa juzi ngoma zilipigwa mpaka alfajiri. Mama akafurahi, akauliza, kwani huko kuna harusi? Bibi hakujibu. Akachukua panga akaenda kukata majani ya ng'ombe na majani ya jioni yalikuwa yameshaletwa, mama anakumbuka lundo lile lilivyokuwa pale mlangoni na bibi anarudi na mzigo mwingine kichwani giza limeshaingia. Mama kaelewa akiwa mtu mzima ana watoto. Lakini na hapa usikimbie, siyo kila kitu ni fumbo, upande ule wa ziwa mvua zinanyesha kweli kweli, akisema mvua kubwa hatujalala huenda ni mvua. Ngoma za 13 Machi nimeziamini kwa sababu bibi mwenyewe kaniambia, siyo kwa sababu nimejisikia hivyo.

Ndo maana nasema, ukifika hapa weka karatasi chini umfuate aliyezipokea. Wazee walisema barua ni nusu ya kuonana, na kwenye sanduku lile una nusu ya hiyo nusu, maana barua za bibi kwenda kwa mjomba hazipo, ziliishia huko. Ila sauti yake imo humo humo. Chukua karatasi nyingine, kila mahali mwana anapoandika "umesema", "umeniuliza", "kuhusu lile uloniambia", nakili pembeni, na ukimaliza una barua ya mama. Kwa yetu nimepata maswali 31 ya bibi. Swali lake lililorudi mara nyingi kuliko yote ni kama anapata blanketi. Mjomba kamjibu mara saba kwamba analo, mara saba, na kila mara bibi kauliza tena.

Namna ya kumhoji bibi nimejifunza kwa kukosea pia. Usikae na simu mkononi ukamuuliza ulijisikiaje. Msomee barua yenyewe taratibu, kwa mpangilio, moja kwa siku, mbili zikizidi sana, halafu nyamaza. Rekoda iwe imewashwa na umeshamwambia imewashwa na kakubali. Nenda asubuhi akiwa ameshakunywa chai, siyo jioni. Akisema inatosha, inatosha. Akianza kuongea Kichagga mwache hapo hapo usimvute kwenye Kiswahili, utatafsiri baadaye. Na uliza vitu vya kushikika, nani aliileta hii barua (za kwetu zilipitia sanduku la posta la misheni, katekista ndo alikuwa anapanda nazo), ulikuwa umeshika nini, ulimwambia nani kwanza, uliificha wapi. Nilipouliza uliificha wapi ndo bibi aliongea saa nzima, kumbe zile za Machi na Aprili alimficha babu.

Kama kwenu kijana hakurudi, nenda polepole zaidi, na usianze na ya mwisho hata kama ndo iliyo juu. Wanajeshi wetu wengi waliokufa kwenye vita ile wamelala makaburi ya mashujaa Kaboya, wilaya ya Muleba kule Kagera. Kuna mama wa jirani zetu alikuwa na barua nne tu za mwanae, tulipozipiga picha akaomba tumtolee nakala moja ilingane na ile halisi hadi mikunjo, aiweke kwenye Biblia, na halisi zibaki ndani ya boksi. Nilimtolea mbili.

Kabla hujaweka kitu Facebook au hata grupu la ukoo, soma tena ukitafuta majina ya watu wengine. Mjomba anataja wenzake, anamtaja mmoja kwa jina na kijiji kwamba kaumia vibaya, na mwingine anamdai. Huyo ana wajukuu sasa, labda hawajui. Funika jina, au watafute kwanza uwaonyeshe wao kabla ya watu wengine. Kuna barua mbili zinahusu msichana ambaye siye aliyemuoa, hizo bibi kasema zibaki hapa nyumbani na zimebaki. Ukoo ukikubaliana kwamba zina faida kwa taifa, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ndo mahali pa kuuliza, lakini hata huko mazungumzo yaanze na aliyeandikiwa akiwa bado ana kauli.

Kuhifadhi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mfuko wa plastiki hapana, huku juu mlimani masika unyevu unajifungia humo na kuvu linaota. Bahasha za karatasi nyeupe, kila barua ikiwa imelala wazi bila kukunjwa, ndani ya boksi gumu la karatasi, boksi juu ya kabati mbali na ukuta wa nje, mbali na jiko na mbali na sakafu kwa sababu ya mchwa. Kila baada ya miezi mitatu fungua, angalia wadudu, angalia harufu, acha zipate hewa nusu saa kivulini, siyo juani maana wino wa peni unafifia juani haraka.

Boksi letu liko chumbani kwa bibi, sikulipeleka mjini ingawa kwangu ni pakavu zaidi. Jumapili akitoka misa namshushia, namfuta mikono mafuta kwa kitaulo kikavu, anachagua moja. Macho hayaoni maandishi tena, anaishika tu magotini, anaipapasa pale peni ilipotoboa, halafu anataja ni ipi, na nikigeuza nyuma kuangalia namba ya penseli anakuwa yuko sahihi.